Mwiba wa Taa na Mkasi wa Muuza Dawa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Lamu

Kisa hiki kilianzia majini. Mvuvi mmoja wa makamo, nahodha wa mashua ya watu wanne, alishuka kwenye maji ya magoti wakati wa maji kupwa ili aivute mashua yake, akamkanyaga taa, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, aliyejifukia mchangani, na taa akamchoma mwiba juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kulia. Jina lake sitalitaja wala kijiji chake, kwa sababu katika Kaunti ya Lamu ukishataja kijiji cha mtu, kazi yake na umri wake, umekwisha kumtaja yeye na baba yake. Mwenyewe ameridhia kisa kiandikwe. Katika siku 23 baada ya kuchomwa alitumia aina tatu za viuavijasumu, yaani zile dawa ambazo wengi wetu tunaziita antibiotiki, na hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyokuwa na uwezo wa kumponya.

Siku ya kwanza wenzake walimfunga kitambaa wakamrudisha nyumbani, na maumivu yakampanda hadi kwenye nyonga. Hapo palikuwa na tiba ambayo haigharimu chochote zaidi ya kuni: sumu ya taa huharibiwa na joto, na mguu uliochomwa ukitiwa katika maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuyavumilia, yapata nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, maumivu hupungua sana. Maji hayo hujaribiwa kwanza kwa mguu mzima, kwa sababu mguu wenye maumivu makali haujui unapoungua. Wazee wawili kijijini walilijua jambo hilo. Hawakuulizwa.

Siku ya pili alipelekwa zahanati. Muuguzi alikuwapo, na kwa haki yake ni lazima niseme kwamba alifanya alichoweza: alikisafisha kidonda kwa juu, akampa dawa ya maumivu, akamweleza mkewe kwamba chanjo ya pepopunda imekwisha, kwamba hata amoksilini haipo mpaka shehena nyingine ifike, na kwamba mgonjwa apelekwe mji. Nilipomuuliza mkewe kwa nini hawakwenda, alinijibu kwa utulivu: «Mji ni nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, na mwenye mashua ndiye huyo yuko kitandani. Dukani walinambia lete ulicho nacho.»

Duka lenyewe lilikuwa duka la vyakula, lenye rafu moja ya dawa juu ya magunia ya mchele. Siku ya tatu alinunua vidonge sita vya tetrasaikilini, vya rangi mbili. Viwili vilifunguliwa na unga wake ukanyunyizwa juu ya kidonda, vinne vikamezwa kwa siku mbili. Siku ya tisa mguu ulipozidi kuvimba, kijana wa nyumbani alitumwa kwenye duka la dawa lenye muuzaji aliyesomea kazi hiyo, akiwa na fedha za vidonge kumi vya amoksilini. Muuzaji akachukua mkasi, akakata karatasi ya vidonge, akamhesabia kumi. Siku ya 16 jirani aliyekuwa na siprofloksasini iliyobaki nyumbani, ya maradhi ya mkojo ya mwaka uliotangulia, alimpa nane. Siku ya 23 homa ilipanda, akaanza kuweweseka, na hapo nauli ya boti ikapatikana kwa mchango wa wavuvi. Hospitalini walimpiga eksirei, wakaona kipande cha mwiba kimebaki ndani ya nyama, wakampasua, wakakitoa, wakausafisha uvimbe uliojaa usaha na kumchoma sindano ya pepopunda. Baada ya siku tano za dawa iliyochaguliwa na daktari, alirudi kwao kwa miguu yake.

Mwiba wa taa una meno madogo yanayoelekea nyuma, nao hufunikwa na ngozi laini ambayo hupasuka na kubaki kidondani. Kipande cha namna hiyo kikikaa ndani ya nyama huwa maskani ya vimelea, na hapo dawa inayopita kwenye damu haikifikii kiini cha maradhi hata dozi ikimezwa kamili, kwa saa zake, pamoja na maji safi. Alichohitaji nahodha ni kisu, koleo na mtu wa kukichunguza kidonda siku ya pili kabla hakijafunga. Kwa hiyo yeyote anayekisimulia kisa hiki kama kisa cha mtu aliyeshindwa kumaliza dozi hajakifahamu, ingawa hivyo ndivyo kilivyosimuliwa mara ya kwanza katika mkutano wa hadhara nilioushuhudia.

Msemo wa «maliza dozi» umetumika kwa miaka mingi kana kwamba ndio mwanzo na mwisho wa elimu ya viuavijasumu. Una maana yake kwa maradhi kama kifua kikuu, ambapo kukatisha tiba kumeleta maafa yanayojulikana. Lakini kwa maambukizo mengi ya kawaida utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba tiba ya siku chache hutosha, na kwamba kila siku ya ziada ya dawa huwapa bakteria wasio na hatia, wale wakaao tumboni na kwenye ngozi, nafasi nyingine ya kujifunza usugu, yaani uwezo wa kuishinda dawa. Swali linalotangulia ni kama dawa ilihitajika kuanzwa. Bango linalomwambia mvuvi amalize dozi linamkubalia, bila kukusudia, kwamba alikuwa sahihi kuianza. Ningekuwa na bango moja tu la kubandika kwenye bandari ya wavuvi, lingehusu maji ya moto na uchunguzi wa kidonda, na neno dozi lisingekuwamo.

Dawa zile tatu hazina uzito mmoja. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu: zile za kutumiwa kwanza, ambazo zinapaswa kupatikana kila mahali, zile za kuangaliwa, ambazo usugu wake huenea upesi zaidi, na zile za akiba, ambazo huwekwa kwa ajili ya maambukizo yaliyoshinda dawa nyingine zote. Amoksilini na tetrasaikilini zimo katika kundi la kwanza. Siprofloksasini imo katika kundi la pili. Kenya iliyaingiza makundi haya katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na katika azimio la Umoja wa Mataifa la Septemba 2024 nchi zilikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu duniani zitoke katika kundi la kwanza. Hiyo ni hesabu nzuri, ila ina sharti ambalo halikuandikwa kwa wino mzito: dawa ya kundi la kwanza iwepo. Nahodha alishuka kutoka amoksilini hadi siprofloksasini kwa sababu amoksilini ya zahanati haikuwepo na ile ya dukani ilikatwa kwa mkasi kulingana na mfuko wake. Mahali ambapo dawa ya kwanza haipatikani, ya pili hushuka ngazi yenyewe na kuingia katika kopo la jirani.

Mwaka 1945, katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel, Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alimsimulia bwana mmoja wa kubuni anayeumwa na koo. Bwana huyo anajinunulia penisilini, anatumia kiasi kisichotosha kuwaua vimelea lakini kinachotosha kuwafundisha kuishinda dawa, kisha anamwambukiza mkewe, naye mkewe anapata nimonia na kufariki kwa kuwa dawa haimfai tena. Fleming aliogopa siku ambayo penisilini ingeuzwa madukani kwa yeyote. Siku hiyo imekwisha kufika, nayo ina sura ya rafu juu ya magunia ya mchele. Bwana yule wa kubuni, hata hivyo, hatajwi kutafuta daktari kwanza. Nahodha wetu alikwenda zahanati kwanza, na tofauti hiyo ndiyo iliyobadilisha ombi la wananchi kuhusu dawa ambalo baadaye tulikuja kuiandikia kaunti.

Ombi la kwanza lilikuwa la hasira. Kamati ya ufuo ya wavuvi, pamoja na wahudumu wawili wa afya ya jamii na imamu wa msikiti wa kijiji, walikusanya saini wakitaka serikali ya kaunti iyafunge maduka yote yanayouza antibiotiki bila cheti cha daktari. Kisheria walikuwa na hoja. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, iliyoanza kutumika mwaka 1957, haimruhusu mtu asiye na leseni kuuza dawa za namna hiyo, wala haimruhusu mwenye leseni kutoa dawa ya cheti pasipo cheti. Sera ya taifa ya kuzuia usugu wa vimelea dhidi ya dawa ya mwaka 2017, na mipango yake ya utekelezaji ya 2017 hadi 2022 na ya 2023 hadi 2027, inasisitiza jambo hilohilo. Sheria haikupungua hata herufi moja.

Muuzaji aliyesomea kazi hiyo, yule wa mkasi, alikuja bila kuitwa kwenye baraza la kulijadili ombi hilo. Aliomba ruhusa ya wazee, akasimama, akasema: «Wazee wangu, mimi nikiuficha huu mkasi leo, kesho yule kijana atakwenda duka la sukari, na mwenye sukari hatamuuliza hata mgonjwa ana umri gani. Mimi niliuliza. Niliambiwa ni kidonda cha mguu, nikasema aletwe nimwone, nikaambiwa hawezi kutembea. Nifanye nini, nimnyime?» Baadhi ya watu walimzomea. Imamu aliwanyamazisha, akamwuliza swali lililoyageuza mazungumzo: kati ya watu kumi wanaokuja kununua nusu ya dawa, wangapi wametoka zahanati wakaikosa? Muuzaji alisema hawezi kutaja idadi, ila wengi huja na kikaratasi cha muuguzi mkononi.

Hilo la kikaratasi lilinishtua kuliko yote niliyoyasikia siku ile. Maana yake ni kwamba sehemu ya mauzo tunayoyaita holela yana maandishi ya mhudumu wa afya nyuma yake, na kinachokosekana ni dawa kwenye rafu ya umma na fedha ya dozi nzima mfukoni mwa mgonjwa. Ukiyafunga maduka katika hali hiyo, anayeondoka sokoni kwanza ni yule mwenye leseni, kwa kuwa ana cheti ukutani cha kunyang'anywa, huku mwenye magunia ya mchele akizishusha dawa zake chini ya meza. Nchi yetu imekwisha kuona marufuku za namna hiyo katika bidhaa nyingine, na sina haja ya kuzitaja.

Baraza likakubaliana kuliandika ombi upya, na hapo tukakutana na kosa letu la pili, ambalo lilihusu kalenda. Ombi la kwanza lilikuwa limepelekwa mwezi wa Mei. Lilipokelewa kwa heshima, likagongwa muhuri, likakaa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, baada ya waraka wa mkakati wa fedha uliowasilishwa kabla ya tarehe 28 Februari, nao hutanguliwa na mpango wa maendeleo wa mwaka unaopaswa kufika bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Anayepeleka ombi lenye gharama mwezi wa Mei anagonga mlango wa jikoni wakati sahani zimekwisha kupakuliwa. Wavuvi wanaojua siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na siku ya maji mafu, yanaposogea kidogo, kwa kuutazama mwezi walilifahamu jambo hili upesi kuliko sisi tuliosoma, na mmoja wao alisema bajeti nayo ina maji yake.

Kwa nini kaunti? Kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliviweka vituo vya afya vya kaunti pamoja na famasia mikononi mwa serikali za kaunti, na sera ya afya ikabaki kwa serikali ya taifa. Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo yenye mamlaka ya leseni na ukaguzi, lakini rafu ya zahanati ni ya kaunti. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi katika bunge la kaunti. Ada za zahanati na vituo vya afya vya umma ziliondolewa mwaka 2013. Sheria ya mwaka 2023 iliyoviruhusu vituo kubaki na mapato yao ni ahueni kwa hospitali inayotoza, lakini zahanati isiyomtoza mgonjwa haina ada ya kubaki nayo, na dawa yake inategemea mgao unaotoka juu.

Ombi la pili liliandikwa na kupelekwa mwezi wa Agosti. Liliomba fungu la dawa za kundi la kwanza na chanjo ya pepopunda kwa zahanati za visiwani litajwe kwa jina lake katika bajeti, lisifichwe ndani ya fungu la jumla la afya ambalo hakuna mwananchi anayeweza kulifuatilia. Liliomba kila zahanati ibandike ukutani, kila mwezi, orodha ya dawa zilizopo na zilizokwisha. Kuhusu maduka, liliomba mkaguzi aanze na rafu za maduka ya vyakula, na kwamba wenye leseni wapewe kwanza utaratibu wa kumrudisha mgonjwa zahanati kwa barua badala ya kumkatia. Wahudumu wa afya ya jamii waliongeza kipengele chao wenyewe cha huduma ya kwanza kwenye bandari za wavuvi: birika, beseni, sabuni, na karatasi inayoeleza tiba ya maji ya moto. Mtu mmoja alitaka tuingize pia habari ya sindano za oksitetrasaikilini wanazochomwa punda wenye vidonda vya matandiko, kwani dawa ni ukoo mmoja na usugu haujui mpaka kati ya zizi na nyumba. Alikuwa na haki kabisa, na sera ya mwaka 2017 iliziunganisha wizara za afya na kilimo kwa sababu hiyo, lakini tulihofia kwamba ombi likibeba punda litaanza kuchekwa kabla halijasomwa. Nimeendelea kujiuliza kama woga ule ulikuwa busara.

Hospitali ilipoupasua uvimbe, sampuli ya usaha ilipelekwa maabara ya nje ya kaunti ili vimelea vioteshwe na kujaribiwa kwa dawa mbalimbali. Majibu yalirudi baada ya siku kadhaa: hakuna kilichoota. Jambo hilo ni la kawaida kwa mgonjwa aliyekwisha kumeza dawa, kwa kuwa dawa huwadhoofisha vimelea kiasi cha kutoota kwenye sahani ya maabara hata kama wamo mwilini. Kwa hiyo kisa cha nahodha, chenye antibiotiki tatu ndani ya wiki tatu, kiliingia katika daftari kama sampuli safi. Mfumo wa dunia wa kufuatilia usugu, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, hula takwimu zinazotoka maabara, na hapa Pwani tuna bahati ya kuwa na watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, mjini Kilifi ambao walianza kuotesha damu ya watoto wanaolazwa tangu mwaka 1998. Lakini anayejitibu dukani haonekani katika takwimu hizo mpaka azidiwe, na akizidiwa, dawa alizokwisha kuzimeza huifuta alama yake. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na milioni 4.95 walifariki wakiwa na maambukizo yaliyohusishwa na usugu huo. Ninaposoma makadirio ya namna hiyo humkumbuka nahodha na sahani yake isiyoota kitu.

Ndiyo maana tulikataa shauri la afisa mmoja, lililotolewa kwa nia njema, kwamba tungoje kwanza utafiti wa kiwango cha usugu Lamu kabla ya kuomba fedha. Rafu tupu haihitaji utafiti. Muuguzi mwenye daftari la dawa zilizokwisha anao ushahidi wote ambao kamati ya bajeti inauhitaji, na tulipoomba daftari hilo linakiliwe, kurasa nane za miezi minane zilisema mengi kuliko hotuba zetu.

Mpaka ninapoandika, orodha imebandikwa kwenye ukuta wa zahanati ile moja, kwa mkono wa muuguzi mwenyewe, bila agizo kutoka juu. Mwezi uliopita mistari minne ilikuwa na alama ya kwisha, na amoksilini haikuwa mmoja wao. Birika na beseni vimenunuliwa kwa fedha za kamati ya ufuo. Muuzaji wa mkasi ameanza kuandika barua za kumrudisha mgonjwa, ingawa anakiri kwamba hukata bado pale anapojua zahanati imefungwa. Duka la vyakula halijatembelewa na mkaguzi. Bunge la kaunti limelikabidhi ombi kwa kamati yake ya afya, na kamati imetuita tufike mbele yake wiki ya pili ya Februari, kabla waraka wa mkakati wa fedha haujafungwa. Nahodha atakuwa mmoja wa watakaozungumza. Amesema atakwenda na kile kipande cha mwiba, ambacho hospitali ilimpa katika kichupa.